Msikiti Waliouita Kengeza

Nyinyi mnaoupiga ukuta picha kabla saruji haijashika, kaeni chini leo mnisikilize. Nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaisema.

Mimi ni Yasini, fundi mwashi. Nimejenga Kigoma na Ujiji mpaka magoti yakagoma. Ukitoka Rusimbi kwenda Katubuka, nyumba nyingi unazozipita nimezigusa kwa mwiko, na mbili tatu nikipita mbele yake natazama upande mwingine, maana wenye nyumba walinibishia na nyufa zimewajibu. Sasa nakaa barazani kwangu. Mafundi vijana mnakuja, mnanipa shikamoo, mnauliza swali, na kabla sijafungua kinywa mmeshatoa simu mnatafuta jibu humo. Basi mlikuja kwangu kufanya nini?

Kinachonikera kuliko vyote ni ukuta ulioachwa nusu. Ukuta ulioanguka una sababu: maji, msingi mbovu, fundi mlevi. Ukuta ulioachwa hauna kosa lolote. Umesimama pale, nondo zimetokeza kichwani zinaota kutu, mbuzi wanalala ndani, na waliouacha wanapita barabarani wamevaa kanzu safi kana kwamba hawaujui. Mji wetu umejaa kuta za namna hiyo. Nitawaambia habari za mmoja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbaruku, mtu wa Pangani. Alikuja Ujiji kwa treni kumfuata mke, akabaki hata baada ya mke kufariki. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kelele zote katika kazi yetu zilikuwa zangu. Nilipoanza, nilijenga kozi nzima, mstari mmoja wa ukuta, kwa matofali makavu, nikijiona hodari kwa sababu nilikuwa na kasi. Tofali la kuchoma la udongo wetu mwekundu lina kiu. Ukiliweka kavu linanyonya maji yote ya mchanganyiko, kiungio kinabaki unga. Mzee alipita, akashika tofali la juu kwa vidole viwili, akalinyanyua kama mtu anayefunua sufuria kuangalia wali. Akaniwekea mkononi, akaenda zake kunywa kahawa. Hakunitukana. Ningependa angenitukana, maana nilikaa na lile tofali mkononi nisijue pa kuliweka. Tangu hapo sijawahi kujenga kwa tofali ambalo halijalowa, na nikimwona mmoja wenu anajenga kwa tofali kavu nasikia mkono unaniwasha.

Mambo yamebadilika, najua. Mna mashine za kufyatua, mna taa inayopiga mstari mwekundu ukutani, mna dira ndani ya simu. Vizuri. Juzi tu kijana mmoja, fundi mzuri wa mikono, aliombwa apime kibla kwenye kiwanja kule njia ya Simbo. Akasimama juu ya rundo la nondo, simu mkononi, sindano ikazunguka weee, ikatulia. Kibla kikaelekea Kongo. Alikuwa ameshaanza kufunga uzi. Nilimwambia ashuke kwenye vyuma kwanza, ndipo aitafute Makka. Mlicheka mliposikia, na mimi nilicheka. Lakini baada ya kucheka niliacha chakula cha jioni, na mke wangu akaniuliza nani kafa.

Aliyenijia kichwani ni Mzee Mbaruku.

Zamani tulipewa kazi ya kujenga msikiti kwenye mteremko wa Ujiji, juu kidogo ya ufuko wanakoanika dagaa. Waumini walichanga matofali, wanawake wakabeba mchanga wa mtoni kwa karai, kila mtu na nguvu zake. Mchanga wa ziwani Mzee aliukataa. Alisema ni laini mno, hauna meno ya kuuma tofali. Kibla alikipima mwenyewe kwa njia aliyoachiwa na baba yake. Alichomeka kijiti, akachora duara kukizunguka. Asubuhi akatia alama pale ncha ya kivuli ilipogusa duara, na alasiri akatia nyingine pale ilipogusa tena. Ukiunganisha alama mbili hizo unapata mashariki na magharibi. Ukikata mstari huo kwa pembe ya mraba, unapata kaskazini iliyonyooka. Jaribuni nyumbani, haihitaji bando.

Kule Pangani hiyo inatosha. Makka iko kaskazini yao, ukinyoosha umefika. Sisi huku tumesogea magharibi, tuko pembeni, kwa hiyo anayeswali lazima aelekee kulia kidogo, kama mshale wa saa unapotoka kwenye namba kumi na mbili kwenda kwenye namba moja, usifike. Mzee Mbaruku alipima kaskazini ya kwao akaijenga kwetu. Mtaniuliza, je, misikiti mingine ya Ujiji hakuiona? Aliiona na aliswali humo miaka yote. Lakini mtu akiingia kwenye msikiti uliokwisha kujengwa anafuata safu, hatoki nje kulitazama jua. Na siku ya kuweka msingi kamati nzima ya msikiti ilikuwapo. Walinyanyua mikono, dua ikasomwa, uji ukanywewa, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Kumbukeni hilo ninapoendelea.

Tulipanda mpaka kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Tulikuwa tunangoja mbao za paa. Ndipo mmoja wa waumini akarudi kutoka Hija na mkeka wa kuswalia wenye dira ndogo iliyoshonwa ndani yake. Akautandika katikati ya kuta zetu ili auonyeshe. Watu wakainama kutazama, kisha wakanyanyuka kumtazama Mzee.

Ugomvi ulianza siku hiyo hiyo. Kundi moja likasema kuta zibomolewe mpaka chini. Jingine likasema msikiti uachwe ulivyo, mbona babu zetu waliswali bila dira na pepo hawakunyimwa. Hamimu, aliyekuwa katibu wa kamati na mwenye ulimi kuliko wote, alikuwa upande wa kubomoa. Mzee Mbaruku alisikiliza pande zote mbili. Kisha akasema kosa ni lake, na dawa ipo: kuta zibaki, ndani safu zitandikwe kimshazari, naye atajenga mihrabu, kile kiupenu anamosimama imamu, kwenye kona ya kulia, ielekee inakotakiwa. Swala inataka uelekeo wa mtu, ukuta haurukuu wala hausujudu.

Wangekubali, tungepaua mwezi ule ule. Lakini Hamimu alicheka. Akasema, "Mzee anataka kutujengea msikiti kengeza."

Watu wote wakacheka. Waliotaka kubomoa wakacheka, na waliotaka kuacha wakacheka, ndilo jambo pekee walilokubaliana. Jina likashika kama gundi. Watoto wakalibeba mitaani, wauza samaki wa migebuka wakaelekezana njia kwa hilo: pita pale Kengeza, kata kushoto. Kundi moja likaenda kuswali kwingine, jingine nalo likatafuta kwake, na kuta zetu zikaachwa kwenye mvua. Mzee Mbaruku hakupata tena kazi ya msikiti. Baada ya muda akaugua, akafariki, na mazishini Hamimu alisimama safu ya mbele. Nilitaka kumtoa kwa shati. Watu walinishika.

Tangu hapo sikujenga msikiti. Nilijenga maduka, shule, kanisa moja kubwa ambalo mapadri wake walinilisha vizuri mno. Waumini waliponijia na habari za msikiti niliwaambia nina mgongo. Na kule mteremkoni sikukanyaga. Nikiwa na safari ya ufukoni nilizunguka, mguu upande, jua utosini, ili nisizione zile kuta. Hasira, wanangu, inatembeza mtu kuliko mguu. Msinipe pole, sikuomba.

Mwaka huu Hamimu alikuja kwangu. Sasa naye ni mzee, ndiye mwenyekiti wa kamati, anatembea na mkongojo. Alikaa kwenye baraza langu, akamsifu mke wangu kwa kahawa, akauliza habari za wajukuu. Kisha akasema kamati imeamua gofu la Kengeza libomolewe, pale zijengwe fremu za maduka, maana barabara imetengenezwa na mahali pale panaonekana. Alitaka nisimamie mimi, kwa kuwa ninajua nondo zimepita wapi na matofali yapi yanaweza kuokolewa. Alisema hivyo hivyo, Kengeza, mbele yangu, kama jina la mtu wa kawaida.

Mnajua nilimjibu nini? Nilikubali. Mke wangu alishangaa. Lakini mimi nilijiambia, kama kuta za Mzee Mbaruku zitaanguka, heri zianguke kwa mkono uliozijenga kuliko kwa mkono uliozicheka. Tukapatana kwamba mimi nitatangulia nikatie alama, naye aje alasiri na vijana wenye nyundo.

Nilienda nimebeba nyundo yangu kubwa begani, na njia nzima nilikuwa nagombana na Hamimu kichwani, nikimshinda kila mara.

Harufu ya dagaa ilinipokea kabla ya mtu. Ziwa limepanda miaka hii, mnajua wenyewe, limemeza ufuko na vichanja vyake, na wanawake waanikaji wamefukuzwa na maji mpaka juu mteremkoni. Vichanja vyao walikuwa wameviweka nje ya kuta zetu, pande zote. Mama mmoja mnene, khanga kiunoni, alinitazama mimi, akaitazama nyundo, asinikaribishe. Wanamwita Mama Hidaya, ndiye mkubwa wao pale. Niliposema nimetumwa na kamati, aliuliza kama kamati imekumbuka njia. Niliupenda mdomo wake papo hapo, lakini sikumwonyesha.

Akaniambia nivue viatu kama nataka kuingia.

Nivue viatu kwenye gofu? Nilichungulia ndani. Kulikuwa kumefagiwa. Sakafu ya udongo ilikuwa imekandikwa na kusuguliwa mpaka ikang'aa, na juu yake yametandikwa majamvi, yamebanwa kwa mawe kwenye pembe yasipeperushwe. Majamvi hayo hayakufuata kuta. Yalikuwa kimshazari, yote, yameelekea kona ya kulia. Kona yenyewe ilikuwa na kitu ambacho mimi sikukiacha pale.

Ilikuwa mihrabu. Ilikuwa haijakamilika, inanifika kiunoni tu, imejengwa kwa mviringo wa nusu kikombe ndani ya ile kona, imegeukia kulia kidogo, kama mshale wa saa usiofika kwenye moja. Nilipiga magoti. Mzee Mbaruku alikuwa na tabia moja ambayo sijawahi kuiona kwa fundi mwingine: kiungio alikimalizia kwa mgongo wa kijiko cha chai, akikivuta taratibu, kinabaki na bonde laini ambalo maji hayatuami. Nilipitisha kidole. Bonde lilikuwapo, kozi kwa kozi, na matofali ya mviringo yalikuwa yamesuguliwa kwa tofali jingine, hayakukatwa kwa patasi.

Mama Hidaya alisimama nyuma yangu akanieleza. Ardhi ya jirani ilikuwa ya mama yake, na mama yake aliyaona yote kwa macho yake. Baada ya watu kutawanyika, yule mzee wa Pangani alikuwa anakuja peke yake alasiri na ndoo na mwiko. Anajenga tofali chache, ananawa, anaswali, anaondoka. Watoto wakimwimbia wimbo wa kengeza, anawatuma maji, nao wanamletea. Mama yake alimwonea huruma, akamuuliza anamjengea nani wakati wenyewe wameshaondoka.

"Alimjibu mama," akasema Mama Hidaya, "'Wakishamaliza kugombana, wataswali wapi?'"

Kisha siku moja hakuja, wakasikia anaumwa. Magugu yakaota juu ya mihrabu. Ni hao wanawake, walipofukuzwa na ziwa na kutafuta mahali pa kusujudu karibu na dagaa wao, waliofyeka na kuikuta. Hawakuhitaji dira. Walitazama mzee alikoelekea, wakatandika. Wenzao Wakristo wanalinda vichanja dhidi ya kunguru wakati wao wanaswali, na Jumapili wanabadilishana.

Nitawaambia nilichosikia moyoni, na msikipambe. Kwanza nilikasirika upya, tena nilimkasirikia yeye, Mzee. Kwa nini hakuniita? Alasiri zote zile ningemchanganyia, ningemloweshea tofali. Mimi nilidhani namlindia heshima yake kwa kununa, kumbe yeye hakuwa na habari ya heshima, alikuwa kazini. Nilikaa kwenye jamvi la wauza dagaa, mtu mzima na mvi zangu, nikalia. Tunaambiwa kila siku kwamba Mungu hapotezi kazi ya mtu, nami nilikuwa naitikia kama mtu anayeitikia hodi kwa jirani. Siku ile niliiona kazi yenyewe, haikupotea. Ilinijia nguvu ambayo sijui niiteje. Hasira haikutoka, ila ilihama mahali, ikakaa pembeni, ikanipisha.

Basi Hamimu akafika. Nilisikia mkongojo wake na sauti za vijana wake na nyundo zikiburuzwa. Akaniuliza kutoka nje kama nimeshatia alama, na kwa nini napoteza muda humo ndani, na wanawake hawa walipewa ruhusa na nani kuleta uvundo kwenye mali ya waumini. Nilimwambia avue viatu aingie.

Aliingia. Aliyatazama majamvi, akaifuata mishazari yake kwa macho mpaka kwenye kona. Sikumwambia ni kazi ya nani. Alisogea, akaiegemea mihrabu kwa mkono mmoja, na nikaona anajua. Mama Hidaya akamsimulia yale yale aliyonisimulia mimi, bila kupunguza, pamoja na wimbo wa watoto. Aliposimuliwa wimbo aliinamisha kichwa.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka kwenye misikiti ya bondeni, mmoja baada ya mwingine. Wanawake wakaanza kuingia, miguu ina maji ya udhu, wakajipanga kwenye majamvi ya nyuma. Hawakutuuliza tumeamua nini. Vijana wa nyundo walibaki nje wakitazamana. Mama Hidaya akatuletea ndoo na kata, akasema safu ya mbele ni ya wanaume, na kama sisi si wanaume tumwambie mapema.

Tulitawadha. Kisha tukasimama mbele ya mihrabu, wazee wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake. Yeye ndiye mwenyekiti, na kisomo anacho kuliko mimi. Nilimfanyia ishara apite.

"Swalisha wewe," akasema.

"Mimi nina hasira na wewe, Hamimu. Tangu siku ile."

"Najua. Swalisha."

Sasa nitawakumbusha jambo mnalolijua, na wasiolijua wajue. Wakiwa wanaume wawili, mmoja anaswalisha, na mwenzake anasimama kuliani kwake, nyuma kidogo. Nikaingia mbele, ukuta wa Mzee Mbaruku ukiwa umenipa ubavu na kona yake ikiwa usoni kwangu. Nikasikia Hamimu anaweka mkongojo chini na kusimama kwa shida. Niliswalisha. Sitasema nilikuwa na khushuu, ule utulivu wa moyo, kama walii, maana nilikuwa nasikia pumzi yake kila tuliponyanyuka. Katika sijda ya mwisho nilimwombea Mzee, na nikakawia huko chini, nikijua fika kinachonisubiri.

Maana swala haifungwi ukiwa umekodolea mbele. Lazima ugeuze uso kuliani umtakie amani aliyeko huko, awe nani.

Nikageuza uso. Hamimu alikuwa ananitazama, machozi yamemfika kwenye ndevu. Nikaitoa salamu, kwa sauti, mpaka walioko kwenye vichanja waisikie.